Watoto wa Tongaren wapewe rangi wachore amani, wazee wawe tayari kutazama

MTOTO wa gredi ya sita akiambiwa achore amani, mara nyingi atachora njiwa mweupe mwenye tawi mdomoni, au mikono miwili inayosalimiana, kisha aandike neno 'amani' chini yake kwa herufi kubwa. Mwalimu atampa alama nzuri, mchoro utabandikwa ukutani, na hakuna atakayejua mtoto huyo anafikiria nini.

Njiwa huyo si wa Tongaren. Ametoka katika kisa cha Nuhu na safina, kisha akaenea upya duniani baada ya mchoraji Pablo Picasso kumtumia katika bango la kongamano la amani lililofanyika Paris mwaka 1949. Kwa mtoto aliyelelewa Naitiri, Ndalu au Mbakalo, njiwa ni ndege wa kufukuzwa asile mahindi yaliyoanikwa uani.

Si kwamba kuna dhambi kumchora njiwa. Tatizo ni kwamba mtoto amechora jibu analojua linatakiwa na mwalimu. Sanaa ikitumiwa namna hiyo shuleni huwa ni mazoezi ya kunakili, na zoezi la kunakili halimfundishi mtu kuishi na jirani yake.

Wakenya wengi walilisikia jina la Tongaren mwaka 2023 kwa sababu ya mhubiri mmoja aliyejiita Yesu. Hata hivyo, eneo hilo lina historia nzito kuliko kisa hicho kilichowachekesha watu mitandaoni, na historia hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini somo la amani huko si la kupamba kuta tu.

Eneobunge la Tongaren liko kaskazini mashariki mwa Kaunti ya Bungoma, upande wa mashariki wa barabara kuu inayotoka Webuye kuelekea Kitale. Linapakana na kaunti za Trans Nzoia na Kakamega. Enzi za ukoloni, sehemu hiyo ilikuwa ya mashamba makubwa ya walowezi wazungu. Uhuru ulipokaribia, serikali ilianza kuyanunua mashamba hayo na kuwagawia Waafrika chini ya mpango uliojulikana kama wa Ekari Milioni Moja. Wabukusu, Watachoni, Wakabras, Wamaragoli na wengineo wakahamia, wakawa majirani kwa barua ya serikali wala si kwa ukoo.

Shamba alilogawiwa babu katika miaka ya 1960 limekatwa kwa wanawe, likakatwa tena kwa wajukuu. Mpaka ambao zamani ulikuwa mti uliopandwa na watu wawili kwa kuelewana sasa ni jambo la kufikishana kwa chifu. Mtoto anayechunga ng'ombe wawili kando ya mpaka huo anaijua vita kabla hajafundishwa neno lenyewe darasani.

Isitoshe, majirani wa Tongaren wamepitia mengi. Mwishoni mwa mwaka 1991, ghasia za kikabila zilizoanzia shamba la Meteitei katika iliyokuwa wilaya ya Nandi zilisambaa hadi Trans Nzoia na Mlima Elgon, na ziliendelea mwaka uliofuata, taifa likijiandaa kwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu ule mfumo wa chama kimoja kuondolewa. Familia zilihama mashamba zikiwa na magunia na kuku.

Kuanzia mwaka 2006, kundi la Sabaot Land Defence Force (SLDF) lilichukua silaha kuhusu ugawaji wa ardhi ya Chebyuk katika Mlima Elgon. Mamia ya watu waliuawa na makumi ya maelfu wakahama makwao. Mnamo Machi 2008 serikali ilituma wanajeshi katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, na Mei mwaka huo kiongozi wa kundi hilo, Wycliffe Matakwei, akauawa. Watetezi wa haki za kibinadamu waliwalaumu wapiganaji na wanajeshi vilevile kwa mateso na kwa watu waliotoweka wasionekane tena.

Katikati ya hayo zikazuka ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo zaidi ya watu 1,100 walifariki nchini na mamia ya maelfu kukosa makao.

Mwanafunzi wa gredi ya sita leo hakuwa amezaliwa wakati huo. Ameyapata hayo yote jikoni kwa nyanya yake, katika matatu, na katika maneno ya wakubwa wanaodhani mtoto hasikizi. Anajua ni kabila gani 'lilitufukuza' na ni lipi 'la kuogopwa wakati wa kura', ingawa huenda hajawahi kucheza na mtoto wa kabila hilo. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2013 atapiga kura yake ya kwanza katika uchaguzi mkuu wa 2032, na anayoyasikia sasa ndiyo atakayokwenda nayo kituoni.

Ndiposa elimu ya amani ikaingizwa shuleni. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuijaribu, kwani mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, lilianzisha mafunzo hayo katika kambi za Dadaab na Kakuma. Baada ya ghasia za 2008, Wizara ya Elimu ikishirikiana na UNICEF na UNHCR ilitayarisha vitabu vya mwongozo kwa walimu wa darasa la kwanza hadi la nane. Mwaka 2014 serikali ikatoa sera rasmi ya elimu ya amani. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC), nayo, imekuwa ikihimiza shule ziwe na vilabu vya amani.

Magharibi mwa Kenya kuna sababu ya ziada ya kutarajia mafanikio. Shule nyingi za huko zilianzishwa na kanisa la Friends, maarufu Quaker, ambalo wamishonari wake walifika Kaimosi mwaka 1902 na ambalo kwa itikadi yake hukataa vita vya aina yoyote. Hata salamu ya kila siku ya Waluhya, 'mulembe', maana yake ni amani. Watoto wa Tongaren hulitamka neno hilo mara nyingi kwa siku kuliko mwanadiplomasia yeyote.

Lakini kulitamka neno si sawa na kulieleza. Amani ni jambo lisiloshikika, na mtoto wa miaka 11 hana msamiati wa kulijadili. Akiulizwa kwa mdomo, atarudia kauli ya baraza la chifu: tupendane, tuishi kwa umoja, tusibaguane. Akipewa karatasi na kalamu ya rangi, atachora nyumba, ng'ombe, mtu mwenye fimbo, na mlango uliofungwa. Mkono wake hujua mambo ambayo ulimi haujapata ruhusa ya kuyasema.

Ushahidi wa jambo hilo uko karibu na nyumbani. Mwaka 2005, watafiti wa Human Rights Watch waliozuru kambi za wakimbizi kutoka Darfur, mashariki mwa Chad, waliwapa watoto karatasi na krayoni ili watulie wazazi wao walipokuwa wakihojiwa. Hakuna aliyewaambia wachore nini. Watoto wakachora ndege zinazoangusha mabomu, vijiji vinavyoteketea na wapanda farasi wenye bunduki. Mwaka 2007 shirika jingine la Uingereza, Waging Peace, lilikusanya michoro 500 ya aina hiyo, na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ikaipokea kama ushahidi wa kueleza mazingira ya uhalifu uliotendeka. Watoto ambao hawangeweza kuandika taarifa ya polisi walikuwa wametoa taarifa.

Kuna funzo la moja kwa moja hapa kwa mwalimu wa Tongaren. Swali la kwanza lisiwe 'chora amani'. Swali kama hilo ndilo humleta njiwa. Swali bora huwa dogo na la karibu: chora mahali unapojihisi salama, chora njia unayopitia kuja shule na uonyeshe mahali unapokimbia, chora siku watu wawili unaowajua walipogombana, kisha chora walivyoyamaliza.

Swali hilo la mwisho huzaa matunda zaidi kwa sababu linadai picha mbili. Mtoto hulazimika kufikiria kilichotokea baina ya picha ya kwanza na ya pili. Nani aliyeanza kuongea? Aliitwa mzee gani? Kililiwa chakula gani? Kama mtoto hawezi kuchora picha ya pili, basi mwalimu amegundua kwamba katika ulimwengu wa mtoto huyo ugomvi haumalizwi, huachwa tu. Huo ni ugunduzi mkubwa kuliko alama yoyote ya mtihani.

Kazi ya pili ya mwalimu ni kunyamaza, nayo ni ngumu kwa walimu. Akikaribia dawati asiulize 'hiki ni nini?' wala asitangaze 'mbona mtu wako hana mikono?' Aseme tu, 'nieleze mchoro wako', halafu asikilize. Pia asijifanye mganga wa akili. Mtu asiye na mikono huenda ni dalili ya hofu, na huenda ni kwamba mtoto hajui kuchora vidole. Walimu wengi wakubwa, wakipewa kalamu leo, wangemwacha mtu wao bila mikono vilevile.

Kuna zoezi jingine ambalo halihitaji mazungumzo marefu. Wanafunzi wanne hupewa karatasi moja ya manila na kuambiwa wachore kijiji kimoja kwa pamoja. Dakika chache hazitapita kabla ya mzozo kuzuka. Mmoja anataka mto upite hapa, mwingine tayari ameweka duka lake hapo, wa tatu amejitwalia nusu ya karatasi kwa shamba la baba yake. Hiyo ndiyo historia ya Tongaren yenyewe ikichezwa juu ya dawati. Mwalimu asiharakishe kuamua. Awaache watafute njia ya kuukunja mto, kisha waulizwe walielewanaje.

Kuhusu alama za amani, hakuna haja ya kuziagiza kutoka Ulaya. Miongoni mwa Wamaasai, mtu anayeshika nyasi mkononi anaomba utulivu. Wachaga wa Kilimanjaro humpelekea mtu waliyemkosea jani la sale kuomba msamaha. Wakalenjin humvisha mshindi sinendet, mmea wa baraka, jambo ambalo kila mpenzi wa riadha amelishuhudia. Mtoto anaweza kutumwa nyumbani kumuuliza babu: wazee walipopatana hapa kwetu, walitumia nini? Jibu litakuwa mchoro wa juma lijalo, na babu atakuwa ameshirikishwa bila kuitwa mkutanoni.

Msanii mashuhuri Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu nchini Tanzania na mwanzilishi wa jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alijulikana kwa kuwakataza wanafunzi wake kuiga kazi za wengine. Ni yeye aliyechora michoro ya ukutani katika kanisa la Anglikana la Murang'a mwishoni mwa miaka ya 1950, kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Aliweka maisha ya Yesu katika milima, miti na watu wa Kiafrika, miaka michache tu baada ya watu wa mahali hapo kuuana.

Katika kizazi cha baadaye, ghasia za 2008 zilipokuwa zikiendelea, msanii wa Kibera anayejulikana kama Solo7 alizunguka mtaani akiandika maneno ya kuomba amani kwenye kuta, milango na mabati. Alitumia rangi na brashi ya kawaida, na kazi yake ikapigwa picha na wanahabari wa dunia nzima.

Sasa kuna ugumu ambao waandaaji wa sherehe za amani hupenda kuukwepa. Mtoto akiachwa aseme, huenda akamtaja aliye mbele yake. Siku ya Kimataifa ya Amani, Septemba 21, huangukia muhula wa tatu, na ni siku nzuri ya maonyesho ya michoro. Wazazi, chifu na wanasiasa hualikwa. Je, itakuwaje iwapo mtoto amechora mwanasiasa akigawa pesa kwa vijana wenye rungu? Au baba akirejea kutoka kwenye chang'aa? Au mwalimu aliyeinua kiboko, ilhali adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni tangu mwaka 2001 na kukatazwa tena katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013?

Kaunti jirani ya Kakamega ina jibu ambalo halipendezi. Mwaka 2013, shule ya wasichana ya Butere iliwasilisha mchezo wa kuigiza ulioitwa Shackles of Doom, kuhusu jinsi rasilmali zinavyogawanywa kwa misingi ya kikabila. Ulizuiwa kufika tamasha ya kitaifa kwa madai kuwa ungechochea chuki, hadi Mahakama Kuu ilipoondoa marufuku hayo. Mwaka 2025 mkasa ukajirudia kwa shule hiyo hiyo na mchezo wao Echoes of War, ambao kama ule wa kwanza uliandikwa na mwanasiasa Cleophas Malala. Mahakama iliagiza waruhusiwe kuigiza. Walipofika Nakuru mwezi Aprili, mwandishi alikuwa amekamatwa, na polisi wakarusha vitoa machozi nje. Wasichana hao waliimba wimbo wa taifa, wakashuka jukwaani bila kuigiza.

Kuna wanaosema kwamba michezo hiyo ilikuwa siasa ya watu wazima iliyotiwa vinywani mwa wanafunzi. Hoja hiyo ina uzito wake, na ndiyo maana ni muhimu wazo la mchoro au mchezo litoke kwa mtoto mwenyewe. Lakini gesi ya kutoa machozi si njia ya kujibu hoja, na wanafunzi wa magharibi mwa Kenya waliotazama tukio hilo kwenye simu za wazazi wao walijifunza somo la amani ambalo halimo katika kitabu chochote cha wizara.

Shule inayotaka kufanya kazi hii kwa uadilifu haina budi kujiwekea mipaka. Jina la mtoto liandikwe nyuma ya karatasi, si mbele. Mchoro unaomtaja mtu wa nyumbani au unaoonyesha dhuluma usibandikwe, usipigwe picha na kusambazwa kwa WhatsApp, wala usijadiliwe katika chumba cha walimu kama kichekesho. Mwalimu amwite mtoto faraghani, na ikibidi amhusishe afisa wa watoto, au apige simu ya bure ya kuwasaidia watoto, nambari 116. Mtoto ambaye hataki kuchora aachwe achore anachotaka, hata kama ni gari.

Vilevile, zawadi zitolewe kwa uangalifu. Mashindano yana faida yake. Vilabu vya Lions duniani vimekuwa vikiandaa shindano la mabango ya amani kwa watoto wa umri wa miaka 11 hadi 13 tangu mwaka 1988, na limewavutia wengi. Lakini ndani ya darasa moja, kumpa mmoja kombe kwa sababu amani yake imependeza kuliko ya wenzake ni kuanzisha ugomvi mpya. Heri michoro yote itundikwe kwenye kamba, kama nguo zilizofuliwa.

Gharama si kisingizio. Mfumo mpya wa elimu umerejesha sanaa kwenye ratiba baada ya somo la sanaa na ufundi kuwekwa kando mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hivyo muda upo. Pasipo na rangi za dukani, kuna makaa ya jikoni, udongo mwekundu, manjano ya chakula na majani ya mboga yaliyopondwa. Upande wa nyuma wa mabango ya kampeni, ambayo hubaki kwenye kuta muda mrefu baada ya kura kuhesabiwa, ni karatasi safi na ngumu, ingawa mwenye sura hiyo huenda asifurahi.

Linalosalia ni kuhifadhi. Katika kambi ya Terezín, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki, msanii Friedl Dicker-Brandeis aliwafundisha watoto wa Kiyahudi kuchora wakati wa vita vikuu vya pili. Kabla ya kupelekwa Auschwitz na kuuawa huko mwaka 1944, aliacha michoro takriban 4,500 katika masanduku mawili, ambayo sasa iko katika makumbusho ya Kiyahudi mjini Prague. Watoto wengi walioichora hawakuishi.

Katika shule nyingi za mashambani nchini, michoro ya wanafunzi huishia jikoni muhula unapofungwa, ikitumiwa kuwashia moto wa githeri. Katoni moja iliyowekwa juu ya kabati, mbali na mchwa, ingetosha. Juu ya kila mchoro iandikwe tarehe, gredi, jina la kijiji, na sentensi moja ambayo mtoto aliisema alipoambiwa aeleze alichochora, kwa maneno yake mwenyewe bila ya mwalimu kuyasahihisha.